Sifuri

Ijumaa jioni nilitia sahihi:
Malindi na viunga vyake, anga safi,
kaskazi ya wastani, nyuzi thelathini na tatu,
mvua: hakuna.
Nikapiga muhuri, nikafunika kalamu,
nikampigia mke wa kaka, Mbodze:
kesho mlete mtoto, tukapande mlima.

Mlima gani, akacheka, hapa kwetu
hata ngazi ya posta inatutoa jasho.
Uko Marafa, nikamwambia,
ila uliumbwa kinyume.
Kilele chake ndicho mlango.
Unaanza kwa kushuka,
na anayetaka kujisifu
ajisifu akirudi, magoti yamekwisha.

Saa nne. Jua linakwangua utosi.
Pale ukingoni binti aitwaye Nyevu
alitukatia tiketi, akatazama miguu ya Mbodze,
ndara za kuogea, zenye ua la plastiki,
akanyamaza kwa adabu.
Hakutusimulia ile hadithi ya maziwa;
hiyo, alisema, ni ya wageni, ina bei yake.

Tukashuka.
Kuta zikapanda kila tuliposhuka:
nyekundu ya chungu kisichochomwa,
waridi kama ufizi, nyeupe ya chokaa,
minara iliyochongwa na maji
ambayo hayapo.
Chengo, miaka tisa, aligusa kila mmoja
akiupa jina la mwalimu.
Chini kabisa upepo ukakatika
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Nyevu akasimama. Akanusa.
"Turudi."
Nikatoa simu. Nikamwonyesha picha
iliyopigwa na jicho la angani alfajiri ile,
bahari safi, nchi kavu safi.
Akaitazama kwa heshima zote.
"Picha nzuri," akasema. "Sasa tazama hapa."
Sisimizi, mstari mmoja, wanaukwea ukuta,
kila mmoja na yai mdomoni.

Dalili ya mvua ni mawingu, tulikaririshwa
mimi na yeye, shule mbalimbali, kiboko kilekile.
Lakini aliye ndani ya korongo
hupewa mbingu kipande, upana wa kanga,
na wingu letu lilizaliwa nje ya pindo.

Tone la kwanza lilinipiga sikioni.
La pili sikulihesabu.
Minara ikaanza kulainika kama sukari guru,
njia tuliyoshukia ikawa ulimi mwekundu
unaosema neno moja tu, kwa sauti inayokua.
Nyevu akambeba Chengo mgongoni,
Mbodze akazivua ndara, akaziuma kwa meno,
na mimi, afisa, daraja la pili,
nikapanda kwa viganja, kwa viwiko, kwa kidevu,
kwa kila dua niliyowahi kuisinzilia.

Hatukufika kishujaa. Tulifika.
Huku juu jua lilikuwa palepale,
mbuzi wanatafuna, na ng'ambo ya barabara
vumbi halikujua lolote.
Nyuma yetu korongo linatokota
kama sufuria iliyofunikwa.
Mbodze akahesabu: mtoto mmoja, ndara moja.
Akanigeukia. "Mvua," akasema, "hakuna."
Tukacheka mpaka Chengo akaogopa.

Nyevu hakucheka. Alikuwa anakamua sketi yake
na kuhesabu, kwa jicho, watu walioshuka asubuhi
na waliokwisha kupanda.

Jumapili, zamu yangu.
Nikaenda kwenye kipima mvua, uani kituoni,
nikalitoa kopo, nikalielekeza kwenye mwanga.
Vumbi, na bawa la nzi.
Utaratibu ni utaratibu. Kitabu hakina safu
ya mvua iliyowanyeshea watu wanne
mwendo wa saa moja kutoka hapa.
Nikaandika sifuri,
nikalifunga duara lake vizuri,
na udongo mwekundu wa chini ya ukucha
ukaacha alama pembeni mwa ukurasa.
Nilinyanyua kifutio.
Nikakirudisha.
Msimamizi akiuliza, nitasema ni kutu.