Maji ya Bati

Ulikuja Agosti, Wendelin, mwezi wa upepo wa kaskazini,
vumbi la Chaco likiingia hadi ndani ya mkate.
Ukashusha mtambo, mabomba, kasha la Biblia,
ukasema: Mungu ameweka maji chini ya miguu yenu.
Tukatazama miguu yetu.

Shimo la kwanza, mita arobaini: chumvi.
La pili, kando ya seng'enge ya mwenye ng'ombe:
chumvi kali zaidi, farasi alionja akapiga chafya.
La tatu ulifunga siku mbili kabla ya kuchimba.
Maji yakaruka, watoto wakashangilia,
ukakinga kiganja, ukanywa, ukatema.
Ulitamka neno la kwenu tusilolijua,
lakini tusi halihitaji mkalimani.
Kisha ukapiga magoti kumwomba radhi uliyemtukana.
Siku ile nilianza kukupenda kidogo.

Sisi tulikunywa ya bwawani, zamu yetu baada ya ng'ombe,
maji ya rangi ya chai.
Yalikuwa yamemchukua mtoto wa Dionisia,
kisha mdogo wake, ambaye hata jina hakuwa amepewa.
Uliwazika wewe. Uliimba peke yako,
wimbo ule hatukuujua.

Mama yangu, Tadea, hakuwa mtu wa ibada.
Alikaa mlangoni mwa kanisa akisuka mfuko
kwa sababu pale pana kivuli.
Akakuuliza, bila kuinua macho:
"Paa lako lina mabati mangapi?"
Ukahesabu. Tisini na sita.
"Na mvua ikilipiga, maji huenda wapi?"

Ulinyamaza kama mtu aliyesomewa barua yake mwenyewe.

Wiki tatu za nyundo. Mifereji, mchanga wa kuchujia,
tangi la saruji lenye tumbo la mjamzito.
Desemba ikanyesha usiku, tukatoka nusu uchi.
Maji ya kwanza tukayamwaga, ulivyotufundisha:
yana kutu na mavi ya njiwa.
Ya pili yalikuwa na ladha ya bati
na ya kitu kingine. Wewe ulikiita neema.
Mimi nilisema ni bati.

Halafu likaja kufuli.
Makao makuu waliandika: bomba lifunguliwe Jumapili,
baada ya mahubiri.
Kaka yangu Crispín, asiyeimba,
alisimama nje na ndoo tangu alfajiri, hakuingia.
Ulikuwa unahubiri habari za mwanamke wa kisimani.
Ukafika katikati, ukamwona dirishani,
ukafunga kitabu.
Ukatoka, ukampa mama ufunguo mbele ya watu wote.

Ufunguo ule hatujauona tena.
Mama alisema umemponyoka porini.
Pori ni kubwa. Hakuna aliyetumwa kuutafuta.
Kufuli lipo, limening'inia wazi,
nyigu wamejenga ndani yake.

Unaandika kwamba huko kwenu mvua hunyesha wiki nzima
na watu huilalamikia.
Nilimsomea mama. Alicheka hadi akakohoa.

Kila Jumamosi nagonga tangi kwa kijiti,
pale sauti inapobadilika nachora mstari wa chaki.
Leo ni Agosti tena. Mstari uko magotini.
Crispín yuko juu ya paa, anafagia mavi ya njiwa
akipiga mluzi,
ule wimbo wako wa mazishi.
Sidhani kama anajua ni upi.