Pasi Kumi na Moja

Novemba tuliomba magodoro.
Tukaletewa pasi.
Kumi na moja, moja haina waya,
zikapangwa ngazini, kwenye kinu cha zamani cha magunia
ambacho sasa ndicho bweni letu hapa Dundee,
mji wa mto mpana na ukungu unaopekua mifupa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo.
Kuna kutoa kwingine, nimejifunza, ni kabati:
mtu anatafuta nafasi ya makoti mapya
na shida ya mwenzake inamfaa.
Sisemi kwa kejeli. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyoanza,
na mfuko wa viatu vya marehemu mama,
vidogo, vya miguu ya ndege.
Niliuacha mlangoni usiku nikakimbia
kama mtu aliyeiba.

Ishbel alinikamata kesho yake.
"Viatu tumevipokea. Sasa lete mikono."
Huu mwaka wa sita, zamu ya usiku, Jumanne na Ijumaa.

Senga alikuja Februari, saa tisa ya usiku.
Miaka hamsini na minane, mshonaji wa mapazia.
Nyumba ilikuwa kwa jina la mume;
mume alipohamia kwa mwingine, jina likaenda naye,
na mlango ukalifuata jina.
Miezi mitano alipanda mabasi ya Aberdeen,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
kwa sababu ndani ya basi
hakuna anayekuuliza unakaa wapi.
Wanauliza unashuka wapi.

Alilala na viatu. Hatukumvua.
Siku ya kwanza tulimpa chai,
ya pili supu ya shayiri,
ya tatu hatukumpa jembe: alilidai mwenyewe.
Alichukua pasi moja pale ngazini,
akalamba kidole, akaigusa, ikafoka.
"Leteni mashuka."
Akanyoosha mashuka thelathini na mawili
ya wanawake asiowajua hata majina,
na foronya, na aproni ya mpishi,
chumba kizima kikanukia mvuke,
na usiku ule, mara ya kwanza tangu nianze zamu,
nikasikia mtu akimwambia mwenzake:
"Sogea kidogo, hicho kitanda changu."

Lakini bweni si nyumba.
Ishbel hulisema hilo kila mkutano
mpaka diwani anatazama saa.
Bweni ni mwavuli wa kuazima.
Nyumba ni ufunguo unaoweza kuupoteza
na bado ukawa wako.

Basi mtaa ukachanga, kimtaa mtaa.
Mwokaji alitoa mauzo ya Jumatatu, siku mbovu kuliko zote,
tukamshukuru hivyo hivyo.
Watoto wa shule walioshea watu baiskeli, wakazirudisha chafu.
Na mzee Petrie, fundi saa,
akatoa ghorofa ya juu ya nyumba yake
kwa kodi ambayo hata kuitaja ni aibu.
Sharti lake moja: asikie viatu juu ya dari.
Tangu mkewe afe, alisema,
dari imenyamaza kama saa iliyokatika.

Mei, Senga akapewa ufunguo.
Aliubana mpaka kiganja kikapata meno.
Wiki nzima alilala sakafuni nyuma ya mlango,
kitanda kimetandikwa, shuka halina kunyanzi,
na yeye pale chini, na viatu.
Nilidhani tumeshindwa.
"Hata mlango huzoewa," Ishbel alisema, "kama mtu."

Sijui ni siku gani.
Ninachojua, Agosti mzee Petrie alikuja bwenini amekasirika:
siku kumi sasa hasikii kitu juu,
amepanda, amegonga kwa fimbo, moyo mkononi,
na Senga amemfungulia akitafuna mkate,
pazia la waridi begani, sindano mdomoni kando ya mkate,
peku.

Alitaka tumwambie avae viatu.
Hatukumwambia.

Pasi bado tunazo kumi.
Magodoro, bado tunaomba.