Plagi Nane

Falkoni ya sabini na moja, silinda nane,
iliingia gerejini Shabab ikisukumwa na vijana wanne,
na Bi. Akeyo kwenye usukani,
amevaa glavu za marehemu, zimempwaya.

"Naenda nayo Kisumu," alisema.
"Niwekee plagi mpya, Nyaguthii.
Zile za bei."

Plagi haichaguliwi kwa bei, mama.
Kuna ya baridi: pua fupi, joto haliweki,
hulitupa kwenye chuma kama mtu asiye na kinyongo.
Na kuna ya moto: pua ndefu, hulikumbatia joto
hadi liunguze masizi yake yenyewe.
Hapa Nakuru tuko juu, hewa ni nyepesi,
lakini kabureta haijui;
inamimina petroli kama bado iko bandarini
siku iliyoshushwa melini.
Kwa hiyo ya moto ingekufaa, ukikaa hapa.
Lakini ukishateremka Kericho,
ukifika Ahero, hewa nzito, jua halina adabu,
barabara imenyooka na mguu umesahau,
ya moto mno itageuka kaa,
itawasha petroli kabla ya zamu yake,
na pistoni zitagonga
kama mdai mlangoni, alfajiri.

Basi kwanza nizione za zamani.

Nilizifungua moja moja, nikazipanga juu ya gazeti
kama zilivyokaa kwenye injini, nne huku, nne huku.
Plagi yenye afya ina rangi ya chai ya maziwa.
Hizi zilikuwa nyeusi, kavu,
nyeusi laini ya chemni ya kandili.
Namba tano peke yake ilikuwa imelowa oili.

"Kila Jumamosi alikuwa akienda Eldoret," alisema,
"kwenda na kurudi.
Jioni ananisimulia: ukungu wa Timboroa,
lori la viazi limelala ubavu,
askari aliyemsimamisha ili tu aone injini."

Niliishika ya tatu nikaigeuza kwenye mwanga.
Sikusema kitu.
Gari lililopanda Timboroa halirudi na plagi kama hizi;
ule mlima ungezichoma, zikatakata.
Haya yalikuwa masizi ya gari lililowashwa,
likanguruma papo hapo,
likazimwa.
Jumamosi baada ya Jumamosi.

Nikajifanya natafuta spana.

"Zinasema nini?"
Zimechoka, mama. Ni za zamani.
Alicheka, akavua glavu moja.
"Hata mimi najua kusoma mita ya kilomita, Nyaguthii.
Tangu kiwanda kifungwe haikuwahi kusogea zaidi ya tano.
Kutoka nyumbani hadi nyuma ya uwanja wa maonyesho,
na kurudi.
Petroli ya Eldoret angeitoa wapi?"
Kisha, akiangalia nje, kwenye vyuma:
"Nilikuwa namfungia chapati za safari.
Nne. Na chai kwenye chupa."

Nikachukua za katikati,
si za moto sana, si za baridi,
nikapima mwanya kwa geji, moja baada ya nyingine,
sifuri nukta tisa, sifuri nukta tisa,
nikapaka uzi wa kila moja tone la grisi,
nikazikaza kwa mkono kabla ya spana,
maana chuma cha zamani hakipendi nguvu.
Jeti ya kabureta nikaibana kidogo.

Ilipowaka, mabati ya gereji yalitetemeka
na wale vijana wanne wakapiga kelele.
Yeye alikaa tu, mikono juu ya usukani,
akiisikiliza ikinguruma papo hapo,
kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kupata moto.

Zile kuukuu aliziomba.
Nilikuwa nimeshashika brashi ya waya nizisugue.
"Hapana," alisema. "Ziache na uso wao."
Akazifunga kwenye lile gazeti, akaziweka kiti cha pembeni,
kisha akatia gia.

Namba tano bado inakunywa oili.
Nimemwambia abebe galoni.