Akiiki wa Kibandani

Mwaka wa kwanza mvua iliinywa kamera yangu.
Niliizika siku tisa katika gunia la mchele;
haikufufuka.

Sasa kibanda kina paa la bati linaloteleza
kwa mnyororo wa baiskeli na mota ya wipa.
Ukingoni, kijisahani cha shaba hulala macho:
tone moja tu, mota yanguruma, bati lafunika.
Nimekipa empaako: Akiiki.

Nami nalala. Kesho nina hesabu za darasa la sita.
Darubini yajihesabia yenyewe
vumbi la Akrabu, dakika tatu tatu.

Saa tisa usiku, radi. Nakurupuka pekupeku:
wingu la Rwenzori likishuka Fort Portal
halipigi hodi.
Paa limekwisha jifunga.

Uani, mama mkwe na kurunzi kinywani
anazoa ulezi aliousahau mkekani.
“Huyo Akiiki wako,” asema, maji yakimchirizika,
“mbona hajui kwamba nasi tuna cha kulowa?”

Jumamosi nikarefusha reli.
Mchana ulezi, usiku nyota.
Picha ya arobaini na moja ina kitone chekundu
ambacho ramani haikijui.
Sijakipangusa.