Kipimo cha Shingo

Mwalimu Isaboke alinitandikia picha ya malkia
juu ya cherehani, imekunjwa mara nne, ina doa la chai.
"Fundi, nataka hii. Tamasha ni tarehe kumi na nne.
Tuna elfu tatu na mia mbili, kofia ikiwemo."

Nikacheka hadi uzi ukakatika.
Elfu tatu, Gikomba hii,
kumvisha mtu aliyewanyima Wahispania usingizi!

Lakini mvua ilikuwa imeshika, wateja hakuna.
Mwalimu akavuta ndoo, akaiketia, akaanza:
kwamba gauni halikuvaliwa, lilijengwa,
mikono peke yake, kifua peke yake,
kila asubuhi wajakazi na pini, pini, pini,
naye amesimama kama nguzo inayopakwa chokaa;
kwamba sukari ilikuwa ghali, kwa hiyo wenye nazo
walijulikana kwa meno meusi;
kwamba sakafuni walitandaza matete,
mifupa ikidondoka humo, mbwa wakajijua;
kwamba watu wa chini walifua kwa maji ya majivu,
kama bibi yangu kule Mumias.
Na sheria ya nguo ilikuwapo:
mahameli ya zambarau si yako, mke wa mwokaji,
faini inakungoja.
"Kumbe kanjo ni wa zamani," nikamwambia.

Kitambaa nilikipata kwa Nduta, robota la asubuhi.
Pazia la mahameli, jekundu la nyanya ya juzi,
upindoni kibandiko cha dobi wa Leeds.
Limetoka kwao, linarudi kwao,
likipitia pasi yangu ya makaa.

Kola ndiyo iliyonitoa jasho.
Mita saba za kitambaa cheupe, mkunjo juu ya mkunjo,
na yote inaanguka kama sikio la mbuzi.
Wao walipika wanga wa ngano, mwalimu akasema.
Mimi nikapika uji wa muhogo, mwepesi,
nikazamisha, nikaanika juu ya vijiti vya mishikaki,
na alfajiri ikasimama. Ikasimama yenyewe!
Nikawaita majirani waje waone,
hata Kyengo wa viatu, ambaye hastaajabu.

Ulibaki mkanda wa shingoni tu.
Ijumaa akaja msichana, Chelangat, kidato cha tatu,
sweta ya shule imetoboka kiwiko.
Nikamzungushia tepu.
Mwalimu akasema, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu,
"Mama yake huyo malkia alikatwa hapo.
Baba mtu ndiye aliyetaka.
Mtoto hajafikisha miaka mitatu."

Inchi kumi na mbili na nusu.
Mshipa ulikuwa unapiga chini ya kidole changu.

"Na nguo zake?"
Mimi ni fundi, ningeuliza nini kingine.
"Desturi yao, nguo za aliyekatwa ni za mkataji."

Nyuma yangu robota lilipasuliwa, watu wakalirukia,
mchuuzi akipaza sauti: Kamera! Chagua, mia, mia!
Nikauwaza mkono wa mtu yule,
jioni, umekwisha kunawa,
ukikunjua gauni, ukitafuta doa, ukikadiria bei.
Zamani tuliziita kafa ulaya.
Tulidhani ni mzaha.

Labda ndiyo maana binti, alipokua,
akaizungushia shingo ngome ya kitani.
Mwalimu anasema hapana, ilikuwa fasheni tu,
walivaa wote, hata wanaume.
Sawa. Mwalimu anajua vitabu.
Mimi najua wateja.

"Pumua," nikamwambia Chelangat.
Akapumua.
Nikaandika kumi na tatu.