Saa Nzuri ya Kwenda

Wananiuliza kabla hata hawajafungua pochi:
"Dada, saa ipi ndiyo nzuri?"
Miaka kumi na tisa nakaa nyuma ya kioo hiki
chenye tundu la ukubwa wa kisahani,
nauza tiketi za kuingia Alhambra,
na jibu langu limelainika kwa kutumika
kama kizingiti.

Nawaambia: njoo Februari.
Njoo Jumanne, manyunyu yakianza,
makundi ya wenye vibendera yamebaki hotelini
yakikausha soksi.
Au njoo lango likifunguliwa,
jua halijaruka ukuta,
maji ya bwawa bado yameshika mnara mzima
na hakuna mkono uliokwisha kuyakoroga.
Usije Pasaka. Usije Jumamosi ya Mei.
Na Agosti saa saba mchana,
Agosti saa saba mchana, nawaambia,
hata wale simba wa mawe wangehama
kama wangekuwa na nauli.

Wanacheka.
Wananunua za Agosti, saa saba mchana,
maana ndizo zilizobaki.

Mama yangu, Purificación,
alizaliwa ng'ambo ya bonde, Albaicín,
katika nyumba ambayo dirisha lake la jikoni
linatazamana na kasri uso kwa uso,
kama majirani walionuniana.
Miaka themanini na moja anamenya viazi mbele yake.
Hajawahi kuingia.
Kwanza kulikuwa na sisi watoto. Kisha Baba na mapafu yake.
Kisha mimi nikapata kazi langoni,
na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa,
kwa kuwa sasa nyumbani tulikuwa na mtaalamu.
"Subiri, Mama, watu wapungue."
"Subiri mikomamanga ichanue."
"Subiri mafundi waondoe majukwaa yao ukumbini."
Subira huvuta heri, wanasema.
Hawakusema kwamba huvuta pia maji magotini.

Mwaka huu, Agosti kumi na nne,
niliinua macho nikamkuta kwenye foleni
nyuma ya familia iliyobabuliwa na jua,
amevaa viatu vya mazishi ya Baba,
upepeo mkononi.
"Tiketi moja," akasema, kana kwamba hanijui. "Ya sasa hivi."
"Mama, ni saa saba."
"Saa ninayo," akasema,
akanionyesha kiwiko cha mkono.

Ilikuwepo moja. Mtu wa Lyon alikuwa ameirudisha.
Nikamwachia Fermín kiti, nikamfuata.

Nilitaka kumwonyesha dari,
maelfu ya vipande vya mbao, nyota ndani ya nyota.
Akauliza, "Nani anafuta vumbi huko juu?"
Simba aliwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja,
akafika kumi na wawili, akaridhika
kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili.
Tulisukumwa. Tuliingia katika picha za watu tusiowajua.
Mtoto alimwagia aiskrimu kiatu cha mazishi,
na Mama, ambaye nyumbani hugombana na matone,
akasema tu, "Inapoza."

Halafu, kwenye dirisha moja la upande wa kaskazini,
dogo, lililozungukwa na nakshi ambazo watu huvuka bahari kuja kuziona,
alisimama akaziba njia.
Watu wakajaa nyuma yetu.
Mmoja akakohoa kwa makusudi.
Nikaanza kumweleza habari za maandishi ya ukutani,
nikagundua haangalii ukuta.

"Ile pale," akasema.

Ng'ambo, kati ya kuta nyeupe mia,
shuka la manjano kwenye kamba,
na chini ya shuka kitundu cheusi, sawa na kitufe:
jiko letu.
"Nimeacha dirisha wazi," akasema.
Akajipepea kidogo. Akanipepea na mimi.
"Na miaka yote hii
nilidhani mimi ndiye ninayelitazama."

Mwongozaji mwenye kibendera cha kijani
akauliza, kwa adabu, kama tumemaliza.

"Bado," Mama akamjibu,
akaegemeza viwiko vyake vyote viwili juu ya marumaru
kama anavyoviegemeza kwetu.