Eksirei za Beki

Mama alizipanga kwa misimu, si kwa viungo.
Nazinyanyua dirishani, theluji ya Yorkton ndiyo taa:
kifundo, Moose Jaw;
mbavu mbili, Hershey, kuamkia Mwaka Mpya;
taya, na mji wake hata yeye kausahau.

Miaka kumi na minne barafuni, mabao manane.
Beki wa magongo hulipwa kusimama njiani.
Yale yaliyomgonga yakafia mwilini
hayakuandikwa popote
ila humu, meupe juu ya weusi.

Anaingia akikung'uta viatu. Wasoma nini?
Kazi yako, Baba.

Anaichukua ile ya kifundo,
anaielekeza kwenye mwanga, kimya, muda mrefu.
"Kisahani kilikuwa kinaingia, Larysa," asema.
"Kilikuwa kinaingia kabisa."